WAVIU washauri kwenye CTC: huduma nzuri, ikipewa nafasi

Ukitaka kujua kama CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) inawathamini WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, angalia kazi wanazopewa asubuhi. Kama ni kubeba mafaili na kuita majina tu, basi huduma hiyo haipo, hata bango ukutani liseme nini.

Palipo na huduma kamili, nesi na mshauri huandaa somo pamoja. Nesi anaeleza kwamba TLD, dawa ya VVU yenye dolutegravir ndani yake, ni kidonge kimoja kwa siku. Mshauri anaingia kwenye yale yanayofanya dozi irukwe: chupa inayolia mkobani ndani ya daladala, mgeni mnayelala naye chumba kimoja, msiba wa wiki nzima kijijini. Kwa safari ya kutwa, anashauri chupa ibaki nyumbani imefungwa vizuri, mtu abebe kidonge cha siku hiyo tu. Mjamzito naye anaambiwa kwamba vidonge vya kuongeza damu huzuia dolutegravir isifyonzwe vizuri. Avimeze pamoja na TLD wakati wa kula. Kama hajala, TLD imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Maswali hapo hayaishi, maana anayejibu naye anameza.

Thamani kubwa zaidi iko kwa aliyekutwa na virusi zaidi ya 1,000 kwa mililita ya damu akiwa kwenye dawa. Anahitaji vikao vya ufuasi, yaani vya kumsaidia ameze dawa bila kuruka, kisha kipimo kirudiwe baada ya miezi 3. Akigombezwa, mwezi ujao atasema anameza vizuri, na vidonge vilivyobaki atavimwaga chooni ili hesabu itimie. Kwa mshauri, ukweli hutoka mapema.

Kasoro kubwa ni siri kuvuja. Mshauri anayempigia aliyekosa kliniki ahakikishe kwanza anaongea na nani, asitaje kituo kabla ya hapo. Kumfuata mtu nyumbani bila ridhaa yake iliyoandikwa ni kosa, hata kwa nia njema.

Kasoro nyingine ni kuwaacha nje ya kikao cha maamuzi. Tangu mkutano wa Denver, Marekani, mwaka 1983, watu wenye UKIMWI walidai kushirikishwa katika kila ngazi ya maamuzi. Kumpa mshauri karatasi iliyoandikwa na wengine aisome benchini si kumshirikisha.

Kituo kinachoanza kiwe na washauri wasiopungua 2, mwanamke na mwanaume, chumba chenye mlango unaofungwa, simu ya kituo yenye salio, na nauli inayolipwa kwa tarehe inayojulikana. Nauli ikichelewa, wa kwanza kuondoka ni yule mzoefu.