Newstead Abbey: nilifuata mizuka, nikakutana na Chuma na Susi

Kwa mizuka, hii ziara hawakutupunja. Newstead Abbey, kaskazini mwa Nottingham, Uingereza, ilikuwa nyumba ya watawa Waagustino tangu enzi za Mfalme Henry II, karne ya 12. Mwaka 1539 Henry VIII akaifunga, na 1540 ikaangukia mikononi mwa Sir John Byron. Wenyeji wanakwambia mali ya wakfu ukiila haishuki salama: mtawa wa joho jeusi humtokea mwenye nyumba msiba ukikaribia. Mshairi Lord Byron alidai kumwona kabla ya kufunga ndoa 1815. Ndoa yenyewe ilivunjika mwaka uliofuata.

Mimi naona ukoo ule haukuhitaji jini. Mtangulizi wa mshairi huyo, Lord Byron wa tano, alimuua jirani na jamaa yake William Chaworth kwa upanga mwaka 1765. Mshairi naye, fuvu lilipofukuliwa bustanini, akalitengeneza kikombe cha divai! Halafu mbwa wake Boatswain, aliyekufa kwa kichaa cha mbwa 1808, akajengewa kaburi ambalo mabwanyenye wengi wangelionea wivu.

Kilichonishika hasa ni ukuta wa mbele wa kanisa. Umesimama mzima, na nakshi zake, ila kanisa nyuma yake halipo. Ukitazama kwenye tundu la dirisha kubwa unaona mawingu tu. Simama hapo jioni kidogo, utaelewa hadithi zinakotoka.

Lakini mwongozaji tuliyepewa na kampuni iliyotuuzia tiketi, hodari kweli wa kuigiza sauti za wafu, alipofika pa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Afrika, akaparuka kwa sentensi moja. Jamani! Livingstone alikaa humu 1864 hadi 1865, mgeni wa William Webb, mwenye nyumba wa wakati huo, akiandika kitabu cha safari ya Zambezi. Na mwaka 1874 wakaja Chuma na Susi, watumishi wake Waafrika, walewale walioongoza msafara wa kumbeba maiti yake kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikofia, hadi Bagamoyo. Walipigwa picha hapahapa Newstead, pamoja na Horace Waller, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za marehemu. Hao ndio ningelipia kuwasikia.

Nyota tatu kwa ziara, tano kwa mahali. Nenda mchana, vaa viatu vya kutembea maana kutoka getini hadi kwenye nyumba ni mwendo, na umuulize mwongozaji habari za Chuma na Susi kabla hajaanza kupiga mayowe.