Kwilti ya vitenge kutoka kwa fundi wa Kirumba: juu safi sana, chini tuongee

Niseme mapema tu msije mkasema nimewamalizia bando: kwilti ni nzuri na kwa huyu mama nitarudi. Ila kuna vitu lazima uvijue kabla hujatoa hela yako, maana kila siku naona watu wanaulizana nani anashona haya mablanketi ya viraka hapa Mwanza na majibu yote ni picha za juu, maua na rangi, hakuna hata mmoja anayegeuza akaonyesha chini kukoje. Jina siliweki kwa sababu humu nina malalamiko na sitaki kumuharibia mama wa watu riziki, itoshe kusema yuko Kirumba, kule kwenye soko la dagaa. Na kabla hamjauliza, hapana, hainuki dagaa.

Kitanda changu ni cha tano kwa sita. Nilitaka kwilti inayoshuka kidogo pembeni na miguuni, sio ile inayoishia kwenye ukingo wa godoro kama kitambaa cha meza, kwa hiyo ukiongeza futi moja kila upande na futi moja miguuni unapata inchi 84 kwa 84. Hapa ndo nikajua huyu mama anajua kazi, kwa sababu hakuniuliza "unataka rangi gani" kwanza, aliniuliza godoro lina unene gani. Godoro nene linakula ile inayoning'inia yote, unajikuta umelipia futi moja ya pembeni na huioni.

Mtindo nilochagua ni wa vipande vya mraba vya inchi 6, yaani 14 kwenda na 14 kushuka, jumla 196. Sasa sikilizeni hii maana wengi wanaojaribu wenyewe nyumbani hukwama hapa: kipande kinachoonekana inchi 6 juu hakikatwi inchi 6, kinakatwa sita na nusu, robo inchi kila upande inaliwa na mshono. Ukikata sita kamili kila kimoja kinabaki tano na nusu na kwilti nzima inapungua inchi 7, hapo ushatoka kwenye kitanda cha tano umeenda kwenye cha nne. Kwenye yadi moja ya kitenge cha upana wa kawaida anatoa vipande 30 na vipisi vinabaki, kwa hiyo kazi yangu yote ya juu ilikula kama yadi 7 hivi za vitenge tofauti tofauti, na vingine havikuwa vitenge kabisa, ni mashati ya pamba ya mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, yale ya mistari myembamba ya ofisini. Mwanzo nilikunja uso, shati la mtu kwenye kitanda changu? Lakini ndo yaliyookoa kazi. Vitenge vyote vinapiga kelele, ukiviweka 196 bila kitu kilichotulia katikati yake macho yanachoka.

Upangaji wake niliukuta live. Katandika mkeka sakafuni kapanga vipande vyote bila kushona hata kimoja, anazunguka na kanga kiunoni anahamisha hiki anarudisha kile, halafu anachukua simu anapiga picha na kuigeuza nyeusi na nyeupe. Nikamuuliza mama hiyo ya nini, akasema "mwanangu rangi zinadanganya, angalia giza na mwanga." Na kweli kwenye ile picha isiyo na rangi kijani na nyekundu nilivyodhani vinapingana vilikuwa kitu kimoja tu, kijivu kile kile, mistari yote ya mshazari ilikuwa imepotea. Akahamisha vile vya mashati meupe meupe, akapiga tena, mistari ikatokea. Hii peke yake mi naona ingestahili kulipiwa, mafundi wengi watakushonea tu kwa mpangilio wa kile kilichoshikwa kwanza na mkono.

Kitu kingine, vitenge vyenye maua makubwa makubwa hakati ovyo. Ua la ukubwa wa sahani ukilikata inchi sita na nusu unabaki na doa lisiloeleweka, yeye anatafuta macho ya ua anayaweka katikati ya kipande, kitambaa kinapotea kingi lakini kinaonekana kimekusudiwa. Uliza hilo mapema, kwa sababu ukipeleka vitenge vyako mwenyewe utashangaa anakwambia yadi hazitoshi na utadhani anakuibia.

Jirani yangu alichukua mtindo mwingine wa mama huyu, wa mawe, na nitakubali umenishinda roho. Ni vipande vya kijivu, kahawia na weusi uliopauka vilivyobebana kama lile jiwe la Bismarck pale ziwani, chini bluu ya kitenge cha zamani. Huo hauungwi ukingo kwa ukingo, mawe yamekatwa yakabandikwa juu ya kitambaa na kushonwa kingo kwa mkono, kazi ya macho hiyo, na bei yake inapanda. Uzuri wake sina la kusema, ila naona kwa matumizi ya kila siku kitu kilichobandikwa kitaanza kunyanyuka kingo mapema kuliko kilichoungwa. Kama ni cha ukutani au chumba cha wageni sawa.

Nilipoleta nyumbani shangazi wa mume wangu kutoka Magu akaangalia akasema "mmeshindwa kununua blanketi?" Jamani. Kwa wazee wetu kiraka ni dhiki na huwezi kuwalaumu. Nikamwonyesha kwenye simu wale kina mama wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, walikuwa wanaunga jinzi na mashati ya shambani yaliyochakaa ili watoto wasilale na baridi, na mwaka 2002 kwilti zao hizo hizo zikatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston na baadaye Whitney pale New York, watu wakawa wanazitazama kama picha za kuchora. Shangazi akasema hao nao walikuwa na dhiki tu. Hajakosea sana. Lakini usiku ule aliivuta akalala nayo.

Haya tuingie ndani, maana kwilti sio shuka, ni tabaka tatu: viraka juu, kitu cha joto katikati, bitana chini. Katikati huyu mama anakupa uchague. Kuna faiba ya roli, ile ile ya mafundi sofa, kuna blanketi jepesi, na kuna pamba yenyewe. Mi nilitaka pamba, si tuko Usukumani bwana, pamba ndo kwetu, akanikatalia na alikuwa na sababu. Pamba iliyochambuliwa tu, haijatengenezwa kuwa shiti, haishikani yenyewe, ukishaifua inakimbilia kona moja inajikusanya mabonge na mahali pengine panabaki vitambaa viwili vitupu, labda uishone mistari ya karibu karibu sana ambayo kwa mkono utamlipa fundi mpaka ujute. Nikachukua faiba, na hapa sasa ndo ningewashauri tofauti. Mwanza tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari ndiyo, na mwezi wa sita wa saba upepo wa ziwani asubuhi unakukuta, lakini sio Makete hapa kwenye baridi kali. Faiba nene ni moto, kufika saa nane usiku ushaitupa miguuni. Jirani wa mawe alichukua blanketi jepesi na analala nayo mwaka mzima. Pia inalala vizuri kitandani, yangu imetuna.

Mistari ya kushikilia tabaka zote tatu anashona kwa mkono, na kabla ya hapo anapiga bandi nzima kuanzia katikati kwenda nje, mishono mirefu ya uzi mweupe anayokuja kuifumua baadaye, ili tabaka la chini lisikunjamane. Kidole cha kati kimevaa subana iliyotoboka toboka, anachoma sindano mishono mitatu minne kwa mpigo ndo anavuta uzi. Nimeipima yangu kwa rula maana mi ni wa hivyo, mistari imepita kila baada ya inchi 3, sawa kabisa. Mishono yenyewe haifanani kama ya mashine, midogo hapa, mikubwa kidogo pale, na ndo nilichokilipia. Kama unataka ile iliyonyooka kama komfota ya Kichina nenda kanunue komfota ya Kichina, itakuja na bei nafuu na utaipata leo leo.

Chini sasa.

Bitana aliyoweka ni tetroni, yaani poliesta. Laini, inang'aa, mkononi unaipenda. Kitandani inateleza. Yaani unalala nayo vizuri, ukigeuka nayo imeenda, asubuhi iko sakafuni upande wa mume wangu. Nilijua ni tetroni pale nilipochomoa uzi mmoja kwenye ukingo wa kipisi alichonirudishia nikauchoma na kiberiti, ukayeyuka ukawa kijidonge kigumu cheusi. Pamba ingewaka kama karatasi ikaacha majivu. Fanyeni hicho kipimo hata kwa vitenge mnavyonunua Makoroboi, kuna vitenge vingi sasa hivi ni poliesta tupu na muuzaji anakuapia kwa Mungu ni pamba. Nilipomuuliza akasema wateja wanapenda inayong'aa na ni rahisi. Sawa, lakini niambiwe. Isitoshe upana haukutosha akaunga vipande viwili, na mshono umepita katikati kabisa, pale pale mgongo unapolala. Shuka la pamba la kitanda cha sita kwa sita lisilo na maua, maana shuka huwa kubwa kuliko kitanda chake, lingefunika inchi 84 bila kuungwa, nalo linapatikana kila duka.

Na rangi. Kuna kitenge kimoja cha damu ya mzee ambacho nina hakika hakikuguswa na maji kabla ya kukatwa, kwa sababu kwenye ufuaji wa kwanza tu kilichuja kwenye vile vipande vyeupe vya mashati jirani yake, vikawa pinki. Akanishauri chumvi. Chumvi na siki watu wanaziamini sana ila kwa kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani usizitegemee. Kilichosaidia ni kutoianika. Niliirudisha kwenye beseni ikiwa mbichi, maji mengi na sabuni, nikawa nabadilisha maji mpaka yakatoka meupe, pinki ikapungua mpaka lazima nikuonyeshe ndo uone. Ungeianika au kuipiga pasi na hiyo rangi ingekaa hapo milele. Dawa yenyewe ni kufua vitenge vyote kabla ya mkasi, inaondoa ile wanga ya dukani pia, na kile kitakachorudi, yaani kusinyaa, kirudi mapema, sio kirudi kikiwa tayari kimeungwa na mwenzake asiyerudi mshono ukakunjamana.

Pindo ndo limenifanya nimsamehe. Angalieni pindo la kwilti yoyote kabla hamjalipa, ndo linalochakaa la kwanza kwa sababu ndo linalovutwa kila usiku na kusuguana na ukuta. Wengi wanakunja bitana ya chini wanaileta juu wanapiga mashine basi, tabaka moja tu la kitambaa, likitoboka limetoboka. Huyu anakata mkanda wa inchi mbili na nusu, anaukunja katikati kwanza, kwa hiyo ukingo una tabaka mbili, anaushona juu kwa mashine halafu anaugeuza nyuma na kuumalizia kwa mkono, mishono imejificha huioni. Kwenye maungio anaunga kwa mshazari pasitokee kinundu. Na kona! Zimekunjwa zikakaa kali, nimeingiza ukucha kwenye ule mkunjo nikakuta nao kaufunga kwa mishono miwili. Nani mwingine anafanya hivyo hapa mjini.

Muda ni wa kifundi, mnajua wenyewe. Aliahidi kabla ya Pasaka, ikaja baada, nikipiga simu naambiwa "imebaki pindo tu mama", na pindo kwa mkono mzunguko wa inchi 336 sio "tu" hata kidogo. Ukitaka kwa ajili ya harusi au sendoff agiza mapema mno au usimwambie tarehe halisi. Nililipa laki mbili na nusu vifaa vyake vyote, tetroni ikiwemo. Kuna waliosema nimepigwa. Hesabu tu mishono, mi sioni kama nimepigwa, ila hela hiyo hiyo ningeitoa kwa moyo mweupe zaidi ikiwa chini kuna pamba.

Jirani anamtumia mama yake mmoja Sengerema, siku hizi na lile daraja la Kigongo hadi Busisi mzigo unafika bila kusubiri kivuko. Mimi nimeshaagiza ya pili, ya mtoto, futi 3 kwa 4. Vitenge nimefua mwenyewe, bitana nimepeleka shuka langu la pamba, katikati blanketi jepesi, na hela nimetoa nusu. Nyingine siku ya kuchukua, nikishageuza na kuangalia chini.