Swichi ya kukata betri kwenye Volkswagen ya 1969: nimefunga mara mbili

Gari lenyewe ni Volkswagen mgongo wa chura la mwaka 1969, la volti 12, nililoachiwa na mjomba wangu hapa Tanga. Kazi yangu ni ya safari, kwa hiyo hukaa limefunikwa wiki tatu, mara nyingine mwezi mzima, na kila nikirudi nakuta betri imekufa. Betri mbili zimeniharibikia ndani ya miaka miwili. Betri ya asidi ikikaa tupu muda mrefu, sahani zake za risasi hugandiwa na salfeti, basi hata ukiichaji usiku kucha haishiki.

Nikaazima mita, nikaiunga kati ya betri na waya wa ethi, ule unaotoka hasi kwenda kwenye bodi, kila kitu kimezimwa. Ikasoma ampea 0.2. Kwa betri yangu ya ampea-saa 40, hizo ni saa 200, siku nane na kitu. Mnyonyaji alikuwa redio: aliyeifunga zamani alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye chanya. Redio nimeitoa. Lakini nilipoziona nyaya za zaidi ya miaka hamsini zilivyokauka na maganda kupasuka, nikataka gari likilala lilale bila umeme kabisa.

Nilianza na ile swichi ya bei rahisi, yenye kitufe cha kijani, inayobanwa juu ya kichwa cha betri. Ukikilegeza, umeme unakatika. Niliagiza Kariakoo, ikanifikia kwa shilingi 15,000. Kwenye gari ambalo betri iko mbele chini ya boneti, pengine ingenifaa. Mgongo wa chura betri yake iko chini ya siti ya nyuma, na hapo ndipo niliponea chupuchupu.

Siku moja nilikuwa nimekata umeme, sanduku la vifaa liko kwenye siti ya nyuma, nikafungua mlango, taa ya ndani ikawaka. Nilishangaa. Nikampelekea mzee mmoja fundi umeme aliyezijua gari hizi tangu zikiwa mpya. Hakugusa mita. Alipaka grisi juu ya kile kitufe, akarudisha siti, akasema, "Mwanangu, kaa hapo kwa uzito wako wote, rukaruka kidogo." Tulipoinua siti, springi mbili zilikuwa na grisi.

Maana yake ni kwamba springi hizo ni chuma na zimegusana na bodi. Zikigusa upande wa hasi wa betri zinaipita swichi pembeni; umekata, kumbe hujakata. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba zikifikia kichwa cha chanya ni shoti kamili, na siti hizi za zamani ndani zimejazwa nyuzi kavu zinazoshika moto upesi. Kuna Volkswagen za aina hii zilizoteketea hivyohivyo, abiria amekaa nyuma. Siku hiyohiyo nilifunika chanya kwa mpira mnene, na ninamwomba kila mwenye gari kama hili afanye hivyo leo, awe na swichi au asiwe nayo.

Kitufe kile kilikuwa na ila nyingine pia. Baada ya kupiga stata mara tatu nne kilichoma vidole. Mita ikiwa huku na huku ya swichi wakati stata inazunguka, ilionyesha volti 0.9 zinapotea hapohapo. Stata ilikuwa inajikokota, nami nilikuwa namlaumu dinamo bure.

Ya pili ni ya kuzungusha, yenye ufunguo mwekundu unaochomoka, imeandikwa ampea 200. Shilingi 45,000. Nimeifunga upande wa hasi, pembeni ya betri, chini kuliko vichwa vyake, kwenye kibamba cha umbo la L nilichotengenezewa na fundi wa kuchomelea. Sikutoboa bodi, kibamba kimeshikwa na bolti ileile ya ethi sakafuni. Waya mnene kutoka hasi hadi kwenye swichi, mfupi kutoka swichi hadi bolti. Sakafu ya hapo nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, ndipo nikakaza, halafu nikapaka vaselini. Usiruke hatua ya msasa, hasa ukikaa karibu na bahari. Sasa zinapotea volti 0.1 tu, na stata inaitika mara moja.

Niliporudi safari ya mwisho, baada ya siku 24, betri ilisoma volti 12.5. Gari likawaka kwa mkupuo wa kwanza.

Usumbufu upo: lazima uinue siti ili kukata. Mwizi hataiona upesi, lakini na wewe ukinusa moshi utachelewa. Tena swichi ya namna hii haizimi injini inayonguruma, kwa sababu dinamo linaendelea kulisha koili ya cheche za plagi. Usiizungushe injini ikiwa inawaka. Zima kwa ufunguo wa gari kwanza.

Kibamba nimekipaka rangi ya kuzuia kutu. Masika yakiisha nitakifungua nione chumvi ya bahari imekifanya nini.