Skrolisoo ya kichina ya inchi 16: kabla hujatoa hela, inama uangalie inavyoshika bledi

Wadau wa mbao habari zenu. Hii mashine nimeitumia vya kutosha, sasa naweza kuisemea bila kumuonea mtu, na naandika kwa sababu kila nikipost kibao nilichokichonga watu wanakuja inboksi na swali lilelile, mashine gani hiyo na inauzwaje. Ni skrolisoo ya mezani, mchina. Jina la kwenye stika silitaji maana halina uzito wowote, mashine hiyohiyo utaikuta duka la pili imepakwa rangi nyingine, ina jina lingine na bei imepanda elfu hamsini.

Kwa asiyeijua, ni msumeno wa umeme wa kukatia maumbo ya mbao, ina mkono mmoja juu na mwingine chini ya meza, hapo katikati wameshika bledi nyembamba iliyosimama wima, mota inaipandisha na kuishusha. Mafundi wengi wa hapa Moshi wakiiona wanasema jigso ya mezani, haya sawa, ila jigso unaipeleka wewe kwenye mbao, hii imetulia mahali pake na mbao ndo unaizungusha kwa vidole kama nguo kwenye cherehani, na kwa vile bledi ni nyembamba sana unaweza kugeuza mbao nzima palepale kwenye kona bila kusogea mbele hata kidogo. Jigso ya mkono hiyo kazi haiwezi.

Inchi 16 ni umbali kutoka kwenye bledi mpaka nguzo ya nyuma, kama sentimita 40 hivi, kwa hiyo kibao kirefu zaidi ya hapo kitagonga nyuma ukikizungusha. Mota ni wati 120, spidi unapandisha na kushusha kwa nobu kuanzia mapigo 400 mpaka 1600 kwa dakika, meza inalala mpaka digrii 45 upande mmoja. Kwenye boksi wameandika inakata unene wa milimita 50, mi nasema kata 20 mpaka 25 ulale usingizi, ukizidisha hapo unakuwa unasukuma badala ya kukata na bledi inapinda tumboni. Umeme haili, wati 120 ni kwamba ukiiwasha masaa nane mfululizo ndo unakaribia uniti moja ya luku. Mi nimeichukua laki nne na nusu, walianzia laki tano na ishirini, tukavutana vutana pale mpaka dogo wa dukani akacheka.

Sasa kasoro. Ya kwanza inatetemeka. Ukiiweka tu juu ya meza bila kuifunga, ukifika spidi ya juu inaanza kutembea yenyewe na penseli zote zinahamia sakafuni. Hii wala isikutishe, kata vipande vya mpira wa tairi kuukuu weka chini ya kila mguu, piga bolti zenye washa mpaka chini kwenye benchi, na benchi liwe zito, langu ni la mkaratusi, halafu ngoma imetulia kabisa. Ya pili, tundu la katikati ya meza ni pana mno, vipande vidogo vinadumbukia na upande wa chini wa plaiwudi unachanika. Chukua kadi ya benki iliyoisha muda, itoboe tundu dogo la kupitisha bledi tu, ibandike pale juu kwa solotepu ya pande mbili, kazi imeisha. Ya tatu, kile kimpira cha kupuliza vumbi kinapuliza kwa huruma sana, mi nimekitoa nikafunga mpira wa pampu ya akwariam. Taa waliyoweka nayo basi tu.

Yote hayo yanarekebishika kwa elfu kumi na mchana mmoja. Kitu ambacho hakirekebishiki kirahisi, na ndo sababu ya kuandika haya yote, ni sehemu inayoshika bledi.

Kuna bledi za aina mbili. Moja ina kapini kadogo kila mwisho, unaikalisha kwenye ndoano mbili na umemaliza, hata mtoto anaweza. Nyingine ni tupu, haina pini, urefu wake inchi 5, na lazima ibanwe kwa skrubu juu na chini. Mashine nyingi za bei ya chini zinakuja na ndoano za pini tu, na muuzaji atakwambia hiyo ndo nzuri maana ni rahisi kubadilisha. Rahisi kweli, ila subiri uanze kukata ndani.

Chukua kibao cha KARIBU, hiki cha kuweka mlangoni ambacho kila mtu anaanza nacho. K haina shida, I haina shida, U haina. A ina tundu moja katikati, R moja, B mawili. Hayo manne huwezi kuyafikia kutoka nje, kila moja unatoboa kwanza kwa drili, unafungua bledi juu, unaipitisha kwenye tundu kutokea chini, unafunga, unakaza, unakata ile pembetatu au nusu duara, unafungua tena. Sasa bledi ya tupu inapita kwenye tundu la biti ya milimita 1.5 au 2, hata halionekani. Ya pini inataka tundu la kama milimita 5 na zaidi ili ile pini ipite, na kwenye herufi ya urefu wa sentimita tatu hiyo pembetatu ya A yote imeshaliwa na drili kabla hujaanza kukata, unabaki na duara. Afu bledi za pini nyembamba za kazi laini hazipo kabisa, zinaanzia unene ambao kwenye kona kali utauona.

Yangu ilikuja na ndoano, ila ndani ya boksi kulikuwa na vibanio vya ziada vya kufunga bledi tupu, vina skrubu za alenki, ile spana ya pembe sita, kila upande. Bila hivyo nisingeinunua. Ni vibaya lakini vipo. Mwanzo vilikuwa vinateleza, unakaza, unawasha, bledi inachomoka na mlio ambao paka wote wa mtaa wanakimbia. Dawa yake ni mbili: bledi mpya zinakuja na mafuta, zifute mwishoni kwa kitambaa chenye tina, na zile ncha za skrubu zipitishe kwenye msasa wa 220 ziwe na mkwaruzo. Tangu hapo hazijateleza tena. Bado ni kero kushika alenki kila tundu, kwenye kibao chenye maua mengi ya ndani unatumia muda mwingi kufungua na kufunga kuliko kukata, wenzetu wenye skrolisoo ya DeWalt DW788 wanafungua kwa mkono bila spana na mshikio wa kukazia uko mbele kabisa. Ila hiyo ni bei nyingine, na ukiletewa kutoka Marekani kumbuka ni ya volti 120, kwetu 230, hapo ongeza hela ya transfoma.

Kuhusu namba za bledi, namba inavyopanda ndo bledi inavyonenepa. Mi naishi na tatu tu: namba 3 kwa plaiwudi na kona za shughuli, namba 5 kwa mbao nyingi za kawaida, namba 7 kwa mninga mnene. Meno yaangalie chini, ukiifunga kichwa chini miguu juu mbao itaanza kurukaruka mezani utajua tu. Zipo ambazo meno machache ya mwisho yameangalia juu makusudi, hizo kwa plaiwudi ni tamu kwa sababu upande wa chini hauchaniki. Ukishaikaza igonge kwa ukucha, ikilia ting safi iko sawa, ikitoa sauti ya kulegea kaza tena. Na usishangae ukiona mstari unakwenda kulia hata ukisukuma moja kwa moja, bledi nyingi zinabaki na makali zaidi upande mmoja toka kiwandani, unageuza mbao kidogo kupishana nayo na mkono unazoea wenyewe.

Mbao ndo raha ya kuishi huku. Wazungu kwenye video wanakata vitu sijui walnati, sisi tuna mninga wa kuokota chini. Jirani yangu mmoja fundi wa makabati na vitanda vya sita kwa sita alikuja siku moja akaizunguka mashine akasema, "Kijana, hii si ya kuchezea tu?" Nikamwambia, "Ndiyo mzee, nimenunua ya kuchezea." Siku hizi ye mwenyewe ndo ananiwekea masalio ya mninga na mkongo kwenye kiroba, vipande ambavyo zamani vilikuwa vinaenda jikoni. Grivilea ya mashambani kwenye kahawa nayo inakatika vizuri na ina madoa mazuri. Paina laini mno, inafaa kujifunzia. Mpingo niliujaribu mara moja, aisee ule sio mti ule ni chuma, shusha spidi, vumilia, na andaa bledi za kutosha. Kwenye mbao ngumu bandika solotepu pana ya kufungia maboksi juu ya mchoro kabla hujakata, inafanya bledi iteleze na mbao haiungui pembeni. Sijui nani aligundua hii ila abarikiwe.

Kitu ninachouza zaidi ni mlima. Kibao cha mninga, umbo la Kilimanjaro, nyuma yake plaiwudi nyepesi. Kibo unaimaliza kwa pumzi moja, mgongo wake mpana hauna maneno. Shughuli iko Mawenzi, yale meno yake, pale nabadilisha kuwa namba 3 nashusha spidi mpaka karibu na 600, kila ncha unafika juu, unasimamisha mkono, unageuza mbao bledi ikiwa inacheza palepale, unashuka. Ukiharakisha unapata Mawenzi ya mviringo, na mtu aliyezaliwa Moshi hawezi kununua Mawenzi ya mviringo.

Najua kuna atakayesema mbona Arusha kuna watu wa leza, unapeleka mchoro unachukua kesho. Nendeni, kwa MDF, zile bodi za unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita tatu na maandishi madogo leza inatupiga wote. Ila pembeni inaacha rangi ya kuungua na harufu yake, na mninga wa milimita 20 hizo leza ndogo zinahangaika nao. Na kiukweli mi sikununua mashine ili nisikae nayo.

Vumbi sasa, hapa sitanii. Ni laini sana, linaelea, na la mninga linawasha pua na kifua kwa watu wengi. Vaa barakoa ya maana, sio kitambaa, na fungua madirisha. Vidole viko salama kuliko kwenye mashine ya kupasulia mbao, bledi inatembea sentimita mbili tu hivi juu na chini, lakini itakuchana vizuri ukizubaa, kwa hiyo ile miguu ya kubana mbao mezani pale kwenye bledi usiitoe hata kama inaziba mchoro.

Duka lenyewe lilinipa nafasi ya kuiwasha kabla ya kulipa, hapo pongezi. Spea hawana, na bledi walizonazo ni za pini tu, ukiuliza za tupu wanakuangalia. Mi naagiza kwa dazeni kupitia mtu Kariakoo, zinakuja na basi. Olson za Marekani nilizipata mara moja, Pegas za Uswisi zinadumu zaidi lakini bei yake kaa chini kwanza.

Nyota tatu na nusu, kama boksi lina vibanio vya bledi tupu. Kama lina ndoano za pini peke yake, moja, hata wakikupunguzia laki. Mwenye kujua duka Arusha linalouza bledi namba 3 za tupu rejareja, iwe Kilombero iwe Unga Limited, aandike hapo chini, nimebakiwa na chache na nina oda ya Mawenzi za kutosha.