San Andreas kwa anayeanza: ununue toleo lipi?

Ukiingia dukani ukasema unataka San Andreas, muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza kitu kimoja kabla ya kutaja bei: unachezea wapi? Gemu ya video ya Grand Theft Auto (GTA): San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2 (PS2), kazi ya Rockstar North ya Edinburgh, Uskoti. Tangu hapo imetolewa upya mara kadhaa. Hadithi ni ileile, lakini matoleo yanatofautiana sana kwa mtu ambaye hajawahi kuishika.

Kwa asiyejua kabisa: mwaka ni 1992. Carl Johnson, yaani CJ, anarudi Los Santos baada ya miaka mitano huko Liberty City, kwa kuwa mama yake ameuawa. Kabla hajafika nyumbani anakamatwa na askari wala rushwa wakiongozwa na Tenpenny, wanachukua hela zake na kumtelekeza kwenye mitaa ya Ballas, maadui wa genge lake. Anaokota baiskeli na kukanyaga hadi Grove Street, mtaa wa nyumbani na wa genge lake. Mengine yote yanaanzia hapo: magenge, usaliti, kasino, ndege, na miji mitatu iliyochorwa kwa kufuata Los Angeles, San Francisco na Las Vegas.

Matoleo nimeyapanga kwa swali moja: ukishindwa misheni (kazi unayopewa ndani ya gemu), unarudishwa wapi? Katika toleo la awali, ukiuawa unaamkia hospitalini, silaha zako hazipo, pesa zimepungua, na misheni iko upande wa pili wa mji. Unatafuta gari, unatafuta bunduki, unaendesha tena hadi kule, unasikiliza tena maongezi yaleyale. Mgeni akifanyiwa hivyo mara nne kwa misheni moja, anazima mashine na harudi. Ubora wa picha nimeuweka nyuma ya hilo.

1. Toleo la simu (2013)

Nashangaa mwenyewe kuliweka juu, kwa sababu vidole kwenye kioo ni njia mbaya ya kuendesha gari huku unapiga risasi. Lakini lina vituo vya kuhifadhi ndani ya misheni: ukifa katikati, unaendelea kutoka karibu na pale ulipofia. Lilianza kuuzwa dola 6.99, bei isiyofikia hata ya kutengeneza lensi ya PlayStation iliyochoka (jicho linalosoma diski). Linachukua takriban GB 2.5, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye waifai au usiku ukiwa na bando la bei nafuu.

Nunua na padi ya Bluetooth (kidhibiti cha vitufe), hata ya bei ya chini. Bila padi utamaliza misheni za mwanzo vizuri tu, ila ukifika shule ya urubani utajuta. Kabla ya kulipia padi, iunganishe na simu yako palepale dukani uone vitufe vyote vinaitika.

Malipo huwatatiza watu zaidi ya gemu yenyewe. Kenya unaweza kutumia kadi ya M-Pesa GlobalPay. Kwingine tumia kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Usimpe mtu wa kibandani akaunti yako ya Google akununulie.

2. Definitive Edition (2021)

Kama tayari una PS4, PS5, Xbox ya kisasa, Switch au kompyuta yenye nguvu, ruka namba moja uje hapa. Ukishindwa misheni unaianza upya papo hapo, ramani inakuchorea njia ya kufuata, silaha unazichagua kwenye duara, na kulenga shabaha kunafanana na gemu za sasa. Kwa mtu aliyezoea GTA V, hili halitamsumbua.

Ila lilipotoka Novemba 2021 lilikuwa aibu. Mvua ilificha barabara, sura za watu zilipotoka, na ukungu wa zamani uliondolewa. Huo ukungu ulikuwa na kazi. Ulificha kwamba miji mitatu imekaa karibu karibu. Ulipotoka, ukisimama juu ya Mlima Chiliad unaona dunia nzima kama uwanja wa nyuma ya nyumba. Sasisho la Novemba 2024 lilirekebisha mengi na kuleta chaguo la mwanga wa zamani. Ukinunua leo, hakikisha umepakua masasisho kabla ya kuanza.

Lilianza kuuzwa katika mkusanyiko pamoja na GTA III na Vice City, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 59.99. Hiyo usilipe. Punguzo huja mara kwa mara, lisubiri. Kwenye kompyuta linadai GB 45 za nafasi na RAM ya GB 8, kwa hiyo hesabu na gharama ya bando.

Netflix nayo iliingiza matoleo ya simu ya gemu hizi tatu Desemba 2023 kwa wanachama wake. Orodha yao hubadilika. Kama unalipia Netflix tayari, itazame kabla ya kununua popote. Usijiunge kwa ajili ya hili pekee.

3. PlayStation 2 iliyotumika

Hapa moyo wangu ndipo ulipo, lakini nashauri kwa uangalifu. Hili ndilo toleo kamili: ukungu upo, nyimbo zote za redio zipo (baadhi ziliondolewa kwenye matoleo ya baadaye leseni zilipoisha), na kuna sehemu za kucheza wawili kwa padi mbili, jambo ambalo simu na Definitive Edition hazina. Kama unanunua kwa ajili yako na ndugu yako, hiyo peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Vituo vya kuhifadhi ndani ya misheni hakuna. Bila memori kadi, ukizima umepoteza kila kitu, basi memori kadi iwe sehemu ya bei.

Kuijaribu mashine dukani, usiridhike kuona imewaka na CJ anatembea. San Andreas husoma mji kutoka kwenye diski kadiri unavyosonga. Chukua pikipiki, endesha kwa kasi mjini kwa dakika kumi. Lensi ikiwa imechoka, utaona barabara inachelewa kutokea, majengo yanakuja vipande vipande, au gemu inaganda. Hapo iache, au mwambie muuzaji akukatie kwenye bei kiasi cha lensi mpya.

Vipi zile PS2 zinazouzwa zikiwa na gemu kwenye flashi? USB ya PS2 ni ya zamani mno, ni USB 1.1, na San Andreas inahitaji kusoma data mfululizo. Gemu ya mpira inaweza kwenda sawa kwenye flashi hiyohiyo huku San Andreas inakwamakwama, hasa kwenye vipande vya hadithi. Muuzaji akikuonyesha mpira tu, muombe aiwashe San Andreas.

4. DVD ya kompyuta (2005)

Ni kwa mwenye kompyuta mpakato nzee na subira. Ilitengenezwa kwa mashine za GHz 1, RAM ya MB 256 na kadi ya picha ya MB 64, kwa hiyo karibu kompyuta yoyote inaibeba. Pia ndiyo nyumba ya modi: magari, nguo na ramani ambazo watu wameongeza kwa miaka 20.

Steam iliacha kuuza toleo hili Oktoba 2021, umebaki na diski zilizotumika. Kwenye Windows za sasa kipanya huweza kugoma; kirekebisho cha bure kiitwacho SilentPatch hutibu hilo na mengine. Na acha kikomo cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kikiwa kimewashwa. Ukikizima picha inakuwa laini lakini mambo ya ajabu yanaanza, mojawapo CJ kuogelea kwa kujikokota.

Toleo la Xbox 360 la 2014 lilitokana na lile la simu. Likija bure lipokee.

Usichonunua

Faili la "San Andreas MB 200" linalozungushwa Telegram na kuuzwa kwenye vibanda vya kuweka nyimbo. Gemu ya GB 2.5 haiwezi kuingia humo bila kukatwa sauti, redio au misheni, na faili la APK (la kusakinisha programu kwenye Android) lisilo na mwenyewe likiomba ruhusa ya kusoma meseji zako, linatafuta namba za siri za benki na si za Grove Street.

Jambo jingine kwa wazazi: Ulaya gemu hii imewekwa daraja la miaka 18, kwa haki. Kuna mauaji, matusi mazito na dawa za kulevya. Mwaka 2005 ilibadilishiwa daraja huko Marekani kwa sababu ya sehemu ya ngono iliyokuwa imefichwa ndani yake. Mtoto wa miaka kumi mnunulie ya mpira.

Ukishanunua

Washa maandishi ya maongezi kwanza. Kiingereza cha mitaani cha Los Angeles kinakwenda kasi.

Mlishe CJ. Akikaa na njaa muda mrefu anapoteza mafuta, kisha misuli. Akila kupita kiasi anatapika. Nenda jimu ya pale Ganton mapema, na ogelea na kupiga mbizi kila upatapo nafasi, kwani ipo misheni ya baadaye ambayo haitakufungulia kama pumzi yako ni ndogo. (CJ anaweza kuogelea, mhusika wa Vice City akigusa maji alikufa.) Polisi wakikufuata, ingia gereji ya Pay 'n' Spray wapake gari rangi, nyota zinazoonyesha kuwa unatafutwa zinafutika. Na ukitaka silaha za bure, paka rangi michoro yote 100 ya magenge Los Santos: bunduki zinaanza kutokea jikoni kwenu, ikiwemo AK-47.

Chiti zipo, yaani maneno ya siri ya kurahisisha gemu. HESOYAM kwenye kompyuta inakupa afya, kinga na dola 250,000. Zitumie kujifurahisha, lakini usihifadhi gemu baadaye, hasa ile ya kuwachochea watu wa mtaani kufanya fujo: ukihifadhi, fujo haiishi tena.

Misheni ya treni, ambapo Big Smoke, mwenzake CJ wa genge, yuko nyuma yako kwenye pikipiki, ndiyo hukwamisha wengi. Watu hubanana na treni wakidhani ukaribu unamsaidia kulenga. Kaa mbali nayo, upande wa kulia wa reli, ukienda sambamba na watu walio juu ya mabehewa, mpe Smoke nafasi ya kuwapiga. Na hifadhi kabla ya kwenda kwake.