Mabenchi 20 ya Salem: tathmini ya bustani ya kumbukumbu

Bustani ya kumbukumbu ya watu waliouawa katika kesi za uchawi za mwaka 1692, iliyopo mjini Salem katika jimbo la Massachusetts, Marekani, haina kiingilio, na naiandikia tathmini hii kwa sababu wageni wengi niliowaona waliipita bila kugeuka, wakiwahi kununua kofia zenye ncha za kuigiza wachawi kwenye maduka ya jirani.

Ni uwanja mdogo uliozungukwa na ukuta wa mawe, uliozinduliwa mwaka 1992. Ukutani yamechomoza mabenchi 20 ya mawe, na kila moja limechongwa jina la mtu, tarehe na namna alivyouawa. Kumi na tisa walinyongwa. Wa ishirini, mzee Giles Corey, alikataa kujibu mashtaka, akawekewa mawe mazito kifuani hadi akakata roho.

Ukifika, angalia chini kwanza. Kwenye mawe ya kizingiti yamechongwa maneno ya washtakiwa wakikana uchawi, na baadhi ya sentensi zinapotelea chini ya ukuta kabla hazijakamilika. Nilisimama hapo muda mrefu, maana sijaona kazi ya fundi iliyoeleza vizuri kiasi hiki hali ya mtu anayesema kweli mbele ya watu waliokwisha kuamua kutomsikia.

Kisha nikaketi kwenye benchi la Rebecca Nurse. Alikuwa bibi wa miaka 71, mcha Mungu, na majirani 39 walitia sahihi barua ya kumtetea. Raia walioketi kuamua kesi walimwona hana hatia, lakini jaji mkuu, William Stoughton, akawataka wafikirie upya. Bibi akaulizwa maana ya maneno aliyoyatamka kizimbani, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito hakusikia swali wala hakujibu, ukimya huo ukamgeuzia hukumu. Alinyongwa tarehe 19 Julai, na kanisa lake, lililokuwa limemtenga, lilifuta uamuzi huo mwaka 1712. Mimi nimekulia Shinyanga, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kwa hiyo sikuweza kulisoma jina lile kama habari ya watu wa mbali.

Kasoro yangu ni moja, na ni kubwa. Sikuona bamba linalomweleza mgeni kwamba washtakiwa waliokiri uchawi walinusurika kitanzi, ilhali walioshikilia kwamba hawana hatia ndio walionyongwa. Asiyelijua hilo ataona mabenchi ya watu waliopatwa na bahati mbaya, wala hatatambua kwamba kila mmoja wao angeweza kuuokoa uhai wake kwa uongo wa sentensi moja, akakataa kulichafua jina lake kwa kinywa chake mwenyewe.

Nyuma ya ukuta kuna makaburi ya zamani, ambako John Hathorne, mmoja wa majaji wa kesi hizo, amezikwa chini ya jiwe lenye jina lake. Wengi wa walionyongwa hawana kaburi linalojulikana.

Treni kutoka Boston huchukua kama nusu saa. Epuka mwezi Oktoba, mji unapofurika watu. Natoa nyota nne, na ya tano nitaiongeza siku bamba hilo litakapowekwa.