Pimamaji ya Darubini, Imepimwa kwa Timazi

Assalamu alaykum watazamaji. Leo nipo Wete, Pemba, na kitu nilichokishika ni pimamaji ndogo inayofungwa juu ya darubini ya bunduki ya shabaha yenye kipenyo cha milimita 30. Wenye darubini za milimita 25.4 wahakikishe kipimo kabla ya kulipa. Ya kwanza niliyoiagiza mimi haikushika.

Kazi yake ni kukuonya bunduki inapolala upande. Mtutu huelekezwa juu kidogo ya mstari wa jicho ili kufidia kushuka kwa risasi, kwa hiyo ukiilaza bunduki kulia, fidia ile nayo huelekea kulia, na risasi hupiga kulia na chini kidogo. Risasi ya .22 (yaani yenye kipenyo cha karibu inchi 0.22) inayotoka kwa mwendo wa mita 330 kwa sekunde hushuka karibu sentimita 50 ifikapo mita 100, na ulalo wa digrii 3 tu huipeleka kando zaidi ya sentimita mbili na nusu. Sisi wa Pemba tuna mtihani zaidi, maana ardhi yetu ni vilima na mabonde, na jicho hufuata mteremko likadhani ndio usawa.

Baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, niliibana kwenye stendi na kuisimamisha wima kwa pimamaji nyingine fupi niliyoiweka juu ya reli yake. Kisha nikatundika mshipi mweupe wa kuvulia kwenye tawi la mkarafuu, nikafunga chubwi mwishoni na kulizamisha ndani ya ndoo ya maji, kwa kuwa kaskazi ilikuwa ikiuyumbisha. Nililegeza pete zinazoishika darubini, nikaizungusha darubini hadi mstari wa wima wa msalaba wa kulengea ulio ndani yake ukalala sawasawa juu ya mshipi, nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana, kwani ukikaza upande mmoja kwanza darubini huzunguka. Pimamaji hii ndiyo iliyofungwa mwisho.

Hapo ndipo nilipoiona ila yake: kila nilipoikaza, kiputo kilihama kidogo, na nikalazimika kurudia mara tatu. Ilipotulia haikuhama tena, na mkono wake unaokunjuka hukiweka kiputo mahali ambapo jicho la kushoto hukiona bila kuinua shavu kwenye kitako. Nimeibakisha kwenye darubini. Ufunguo uliokuja nayo ulijipinda siku ile ile, nami natumia wa baiskeli.